Mradi Alpha: maabara iliyowaita wenye vipaji ikapata wanamazingaombwe

Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Washington, kile cha mjini St. Louis, jimbo la Missouri nchini Marekani, kilipokea dola 500,000 kutoka kwa James S. McDonnell, mwenyekiti wa kampuni ya ndege ya McDonnell Douglas. Mzee huyo alitajirikia kwenye ndege za kivita, lakini mambo ya mizimu na nguvu zisizoonekana hayakuwa mbali naye. Ndege za kiwanda chake zilibeba majina kama Phantom, Banshee, Demon na Voodoo. Fedha alizotoa zilikusudiwa kujibu swali moja: je, akili ya binadamu inaweza kusogeza, kukunja au kuvunja kitu bila mkono kukigusa? Ikafunguliwa Maabara ya McDonnell ya Utafiti wa Nguvu za Akili, na Peter Phillips, profesa wa fizikia wa chuo hicho, akawa mkurugenzi.

Fedha zilikuwepo, chumba kilikuwepo, kamera zilikuwepo. Waliokosekana ni watu wa kupimwa.

Hapo ndipo kisa hiki kinapoanza, na kwa maoni yangu hapo ndipo kilipoharibikia. Wengi wanaokisimulia hukimbilia vijiko vilivyopinda na aibu iliyofuata. Mimi nitakaa zaidi mlangoni, pale ambapo washiriki walipatikana, kwa sababu yaliyotokea ndani ya maabara kwa miaka kadhaa yalikwisha kupangwa na namna walivyoingia.

Maabara ilitangaza kwamba inawatafuta watu wenye uwezo wa kuathiri vitu kwa akili, na ilivutiwa zaidi na vijana wanaokunja vyuma. Hamu hiyo ilikuwa na chimbuko lake. Novemba 1973 Uri Geller, Mwisraeli aliyejipatia jina kwa kupinda vijiko na funguo, alitokea kwenye televisheni ya BBC nchini Uingereza. Baada ya hapo watoto wa shule nyumba hadi nyumba wakaanza kudai kwamba nao wanaweza. Wanasayansi wenye majina wakawafuata: John Taylor wa King's College na John Hasted wa Birkbeck, wote wa London. Kufikia mwaka 1979, kijana wa kukunja kijiko alikuwa mtu anayesakwa.

Walioitikia tangazo la St. Louis walikuwa kama 300. Wakachaguliwa wawili: Steve Shaw, mwenye umri wa miaka 18, mfanyakazi wa hospitali huko Pennsylvania, na Michael Edwards wa Iowa, mwanafunzi wa miaka 17. Hawakujuana kabla. Walichofanana ni kwamba wote walikuwa wanamazingaombwe chipukizi, na wote walikuwa wakiandikiana na James Randi, mwanamazingaombwe mashuhuri aliyejipa kazi ya kuwaumbua wanaodai miujiza. Randi ndiye aliyewatuma. Mpango wenyewe aliuita Mradi Alpha.

Msomaji anaweza kusema maabara ilipata bahati mbaya: watu 300, wawili tu ndio majasusi, na hao hao ndio waliochaguliwa. Bahati haikuhusika. Hebu tuwafikirie hao 300 walivyokuwa. Wapo walioamini kwa dhati kwamba wana kipaji, lakini wakikalishwa mbele ya mtu anayewatazama, kijiko kinabaki kama kilivyotoka dukani. Wapo waliowahi kuona jambo la ajabu mara moja maishani, likawakaa moyoni, lakini hawawezi kulirudia. Wapo wenye matatizo yao ya kiakili. Halafu wapo wenye vidole vyepesi. Ukiweka kigezo cha "tuonyeshe kitu", makundi matatu ya kwanza yanarudi nyumbani. Chekeche hilo linabakiza aina moja tu ya punje, na kadiri unavyozidi kulikaza ndivyo anayebaki anavyokuwa stadi zaidi wa kiinimacho.

Haijalishi kama nguvu zenyewe zipo au hazipo. Hata kama kungekuwa na mtu mmoja kati ya mamilioni mwenye uwezo wa kweli, bado wanaojua kuuigiza ni wengi mno kuliko yeye, na mwigizaji hufanya kazi kwa uhakika saa tisa alasiri siku ya Jumanne, kamera ikiwa imewashwa. Mwenye kipaji cha kweli, kwa maelezo ya watafiti wenyewe, hupatwa na siku mbaya. Kwenye usaili mwenye siku mbaya hapiti.

Historia ilikwisha kulionyesha hili. Jumuiya ya Utafiti wa Mambo ya Kiroho ilianzishwa London mwaka 1882, na miongoni mwa watu wake wa mwanzo kabisa wa kupimwa walikuwa mabinti wa mchungaji mmoja aitwaye Creery, wa Buxton. Walisifiwa kwa kusomana mawazo, mpaka baadaye walipokamatwa wakipeana ishara. Jozi nyingine ya wakati huo, Douglas Blackburn na George Albert Smith, iliingia ikiwa na umaarufu wa jukwaani, na miaka mingi baadaye Blackburn alikiri hadharani kwamba ilikuwa mbinu tupu. Karibu miaka 100 ilikwisha kupita kufikia wakati wa St. Louis, na mlango ulikuwa bado unafunguliwa vilevile.

Phillips hakukosa kuonywa. Kabla majaribio hayajashika kasi, Randi aliiandikia maabara orodha ya tahadhari 11. Hazikuwa za kitaalamu sana. Mbele ya mshiriki kiwekwe kitu kimoja kwa wakati, visiwekwe vijiko kumi. Kila kitu kiwe na alama isiyofutika wala kuhamishika. Mshiriki asiruhusiwe kubadilisha taratibu katikati ya jaribio. Na awepo mtu anayejua mazingaombwe, akae achungulie. Randi alijitolea kuja mwenyewe bila malipo. Hakuitwa.

Kwa nini asiitwe? Sababu moja nadhani ni sifa yake: katika fani hiyo alionekana adui, na adui humfungulii mlango. Sababu ya pili ni imani iliyokuwa imeota mizizi kwa watafiti wengi wa mambo haya, kwamba nguvu za akili zina haya. Tangu miaka ya 1940 mwanasaikolojia Gertrude Schmeidler wa New York alikuwa akiripoti kwamba wanaoamini hupata alama za juu kidogo kuliko wasioamini, na aliwagawa washiriki wake kuwa "kondoo" na "mbuzi". Ukiikubali hoja hiyo, mashaka yenyewe yanakuwa sumu ya jaribio. Mshiriki anatakiwa ajisikie yuko nyumbani, asikwazwe, asipekuliwe. Phillips na wenzake waliamua waanze na hatua ya kutafutatafuta, mambo yawe mepesi na ya kirafiki, udhibiti mkali uje baadaye matokeo yakishaonekana.

Sisi tuna msemo kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shaw na Edwards walikaa wageni kwa zaidi ya saa 100 za majaribio, na jembe hawakupewa.

Tuingie sasa chumbani tuone kilichokuwa kikifanyika. Mezani kuna rundo la vijiko na uma. Kila kimoja kimepimwa kona yake ya mpindo kwa makini, kimeandikwa namba kwenye kijikaratasi, na kijikaratasi kimefungwa kwa kitanzi cha uzi kwenye mpini. Kijana anachukua vijiko viwili, analalamika kwamba kikaratasi kinamkera mkononi, anakitoa. Akimaliza kukisugua kijiko anakirudisha kikaratasi, ila sasa kiko kwenye kijiko cha pili. Mtafiti anapima upya: kijiko namba fulani kona yake imebadilika, na cha jirani yake pia. Hakuna aliyetumia nguvu yoyote, ya mkono wala ya akili. Vijiko viwili havikuwahi kulingana tangu vitoke kiwandani, na kilichohama ni karatasi. Kwangu mimi hii ndiyo hila nzuri kuliko zote za Mradi Alpha, kwa sababu kilichochezewa ni vipimo vya mtafiti mwenyewe.

Kwenye majaribio ya kuona picha zilizofichwa, picha iliwekwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwa pini za stepla. Kijana aliachwa peke yake na bahasha. Alizichomoa pini kwa kucha, akatazama, akazirudisha kwenye matundu yaleyale. Siku moja pini mbili zikapotea. Angefanyaje? Mtafiti aliporudi, kijana mwenyewe akaifungua bahasha, kama mtu aliyeshindwa kusubiri kuona kama amepatia. Utaratibu ukawa umevunjwa mchana kweupe, na jaribio likahesabiwa.

Lilikuwepo pia tangi la kioo la kufugia samaki, lililopinduliwa juu ya meza, vitu ndani yake, na kufuli. Mlango wa chumba nao ulifungwa usiku. Asubuhi vitu vilikutwa vimepinda. Usiku vijana walikuwa wamepitia dirishani, baada ya kuliacha bila komeo mchana. Kwa fyuzi za umeme zilizokuwa "zikiungua kwa nguvu ya akili", ilitosha kuiingiza mkononi iliyokwisha kuungua na kuibadilisha na nzima.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayohitaji mwanasayansi kuigundua. Mtoto wa darasa la tano aliyewahi kuzugwa na mwanamazingaombwe anayepita shuleni anajua kwamba mkono wa kuangalia ni ule usioonyeshwa. Profesa wa fizikia hana mazoea hayo, na si kosa la akili yake. Amekaa miaka na elektroni, na elektroni haina njama, haisubiri ugeuke ndipo ibadilishe namba yake. Mshiriki wa kibinadamu ni kiumbe mwingine kabisa, hasa akiwa ameitwa kwa tangazo linalomwambia kwamba thamani yake iko kwenye matokeo.

Na kumtambua mtu wa namna hiyo hakukuwa jambo lisilojulikana. Mwaka 1975, miaka minne kabla ya St. Louis, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Bath, Brian Pamplin na Harry Collins, walichapisha kwenye jarida la Nature matokeo ya kuwapima watoto sita waliodai kukunja vyuma. Kila mtoto alikaa na msimamizi mmoja, na msimamizi alielekezwa alegeze macho baada ya muda. Upande wa pili wa kioo cha kuonea upande mmoja, watafiti walikuwa wanatazama. Watoto watano kati ya sita walionekana wakidanganya. Mmoja aliweka chuma chini ya mguu wake akakikanyaga kikapinda. Wengine walitumia mikono miwili, na mwingine aliipeleka mikono chini ya meza. Kioo kimoja na uvumilivu, basi.

Sasa nije kwenye jambo linalonishangaza kuliko vijiko vyote. Randi na vijana walikuwa na makubaliano: wakiulizwa waziwazi kama wanafanya hila, au kama wametumwa na Randi, waseme kweli papo hapo na mradi uishe. Kwa mujibu wao, hawakuulizwa. Vijana wawili, maabara yenye nusu milioni ya dola, maelfu ya maswali kuhusu wanavyojisikia nguvu zikiwajia, na hakuna aliyeuliza: "Mmewahi kujifunza mazingaombwe?" Fomu ya usaili ya ukurasa mmoja ingetosha. Ukimwandikisha mtu kwa utafiti wa malaria utamuuliza kama anatumia dawa. Ukimwandikisha kwa utafiti wa macho utamuuliza kama anavaa miwani. Hapa utaalamu pekee uliokuwa na uwezo wa kuharibu utafiti mzima haukuwa kwenye orodha ya maswali, nadhani kwa sababu kuuliza kungeonekana ni kumtukana mgeni.

Majira ya kiangazi ya 1981 fununu zikaanza kuvuja kupitia wanamazingaombwe wenyewe, Randi akiwa ndiye mvujishaji. Wakati huohuo Phillips alikuwa anajiandaa kwenda Syracuse, New York, kwenye mkutano wa Agosti wa chama cha watafiti wa fani hiyo, akiwa na mkanda wa video wa majaribio. Hapa lazima nimpe heshima yake: alimwomba Randi mkanda wa kukunja vyuma kwa hila, akauonyesha pamoja na wake ili watu walinganishe. Mtu anayeficha hafanyi hivyo. Wenzake hawakumbembeleza, waliona mianya waziwazi. Muhtasari wa maabara ukarekebishwa, maneno ya uhakika yakapunguzwa. Taratibu zikakazwa, na zilipokazwa, vipaji vya Shaw na Edwards vikanyauka.

Tarehe 28 Januari 1983, mjini New York, katika mkutano na waandishi wa habari ulioandaliwa na jarida la Discover, vijana wakaulizwa wanafanyaje maajabu yao. Jibu lilikuwa fupi: wanadanganya. Maabara iliendelea kidogo ikiwa na jeraha hilo, ikafungwa mwaka 1985. McDonnell mwenyewe hakuyaona, alifariki Agosti 1980.

Upande wa pili nao una hoja, na sikubaliani na wanaoitupa. Mwanasosholojia Marcello Truzzi, ambaye pamoja na Randi alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kamati ya kuchunguza madai ya miujiza mwaka 1976, alikosoa vikali mbinu hii. Utafiti wowote wenye watu unasimama juu ya uaminifu fulani. Ukituma washiriki wa uongo kwenye maabara usiyoipenda, umethibitisha nini ambacho kisingethibitishwa kwenye maabara unayoipenda? Wanasaikolojia wa kawaida nao wangedanganyika kama washiriki wao wangekuja na njama kwa miaka. Tena Edwards alikuwa na miaka 17. Mtu mzima anayemfundisha kijana wa umri huo kudumu katika uongo, na mambo yakafika mpaka kupita madirishani usiku, ana maswali ya kujibu hata kama nia yake ni njema. Fomu za maadili ya utafiti zimejaa kinga za mshiriki dhidi ya mtafiti, na ni sawa, kwa kuwa mtafiti ndiye aliyezoea kuumiza. Kesi ya mshiriki anayemlaghai mtafiti kwa makusudi haikuwa na ukurasa wake.

Hata hivyo nikiweka kwenye mizani, uzito unabaki upande wa maabara. Truzzi anazungumzia imani inayostahiki kati ya watu wanaoshirikiana kutafuta kitu. Lakini maabara ilikuwa inapima dai ambalo maelezo yake ya kwanza kabisa, kabla ya mengine yote, ni udanganyifu. Ukichunguza dai la aina hiyo, kumwamini mshiriki ni kuamua jibu kabla ya kupima. Kama Randi asingewatuma wawili hawa, wangekuja wengine wawili kwa hiari yao, wakitafuta umaarufu au posho, na hao wasingeitisha mkutano na waandishi wa habari kusema ukweli. Yeyote aliyewahi kufanya utafiti wa mitaani anajua kwamba ukitaja nauli na chakula, orodha ya wanaojitokeza inabadilika kesho yake.

Zipo njia nyingine za kuwapata washiriki, na fani hii imezijaribu. J. B. Rhine wa Chuo Kikuu cha Duke, miaka ya 1930, alitumia wanafunzi wa kawaida waliobashiri mchoro ulio kwenye kadi iliyofichwa: kadi 25 zenye michoro ya aina tano, mmoja kwa kila kadi, ambapo kubahatisha kunakupa wastani wa kadi tano sahihi. Lakini naye alivutwa na wenye alama za juu, akawafuata hao, na tatizo la chekeche likarudi kwa mlango wa nyuma: ukiwapima wengi, wachache watang'aa kwa bahati tu. Wengine baadaye wamewageukia wanamuziki na wasanii kwa dhana kwamba ubunifu unasaidia. Faida ya kuwachukua watu wasiodai lolote ni kwamba hawana cha kulinda. Hasara ni kwamba athari inayotafutwa, kama ipo, itakuwa ndogo mno hata ihitaji maelfu ya majaribio, na hapo kelele za takwimu, yaani kupandashuka kwa namba kwa bahati tu, zinaanza kufanana na muujiza.

Steve Shaw alikua, akajulikana duniani kwa jina la jukwaani la Banachek, bingwa wa kuigiza usomaji wa mawazo. Baadaye alikuja kusimamia shindano la taasisi ya Randi lililoahidi dola milioni moja kwa atakayeonyesha nguvu zisizo za kawaida chini ya masharti ya upimaji. Utaratibu wa kuwapokea waombaji ulikuwa kinyume cha ule uliomwingiza yeye St. Louis. Mwombaji alieleza kwanza kwa maandishi anaweza kufanya nini hasa. Pande zote mbili zikakubaliana na kusaini, kabla ya siku ya jaribio, kitakachohesabiwa kuwa kufaulu na kitakachohesabiwa kuwa kushindwa, ili baadaye asiwepo wa kusema mwanga ulimsumbua. Kisha likaja jaribio la awali. Waombaji hawakukosekana kwa miaka yote, na hakuna aliyelivuka hilo la awali.